Tabora: Lami imepatikana, fundi wa mji wa zamani atalipwa na nani?

MFANYABIASHARA anayeshuka kwenye treni Tabora hukuta miji miwili ndani ya mji mmoja. Wa kwanza ni mji wa barabara za lami, taa za usiku na maduka ya simu. Wa pili ni mji wa zamani: nyumba za enzi ya misafara, majengo ya Wajerumani, maduka ya kale yenye baraza, na miembe ambayo wenyeji husema iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi. Mji wa kwanza una bajeti. Wa pili una sifa tu.

Ukiuliza kwa nini mji wa zamani unachakaa, wengi watakujibu kwa neno moja: fedha. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Tabora imepokea fedha za kuendeleza mji katika miaka ya karibuni, tena za mikopo mikubwa. Kinachokosekana ni aina fulani ya fedha, ile inayokuja kila mwaka bila kungoja mradi, pamoja na watumishi wenye ujuzi wa kuitumia. Wiki hii tunaeleza tofauti hiyo, na kwa nini inamhusu mwenye duka, mwenye kiwanja na mwenye nyumba ya wageni, si wapenzi wa historia peke yao.

Mji uliozaliwa na biashara

Tabora haikuanzishwa kwa amri ya serikali. Ilianzishwa na soko. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamejenga kituo chao Unyanyembe, mahali palipojulikana kwa wasafiri wa wakati huo kama Kazeh. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo hadi hapo, kisha ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani walishushwa pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipandishwa bara. Mizigo hiyo ilibebwa na wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mstari wa mbele.

Watawala wa njiani nao walikuwa na mapato yao. Kila msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla neno hilo halijapata maana mbaya tunayoijua leo. Vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilikuwa kwa sehemu kubwa vita vya kugombea nani anufaike na njia hiyo.

Baadaye ikaja reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hapa kuna somo ambalo kila mwenye kiwanja magharibi mwa Tanzania anapaswa kulikumbuka. Ujiji ndiyo iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara na soko kuu la ziwa. Reli ikaishia Kigoma, kilomita chache tu kutoka Ujiji, na biashara ikahama na reli. Leo miji hiyo miwili ni manispaa moja, Kigoma-Ujiji, lakini bandari na stesheni viko Kigoma. Ujiji imebaki na mitaa yake, misikiti yake na kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871.

Jambo la namna hiyo linaweza kujirudia. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Wa Tabora hadi Isaka, kilomita 165, ulifuata mwaka 2022, na mwishoni mwa mwaka huo ukasainiwa wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Stesheni mpya huvuta maduka, maghala na nyumba za wageni upande wake. Mji wa zamani usiokuwa na msimamizi hushindwa shindano hilo kabla halijaanza.

Tembe haingoji mwaka wa fedha

Ili kuelewa tatizo la fedha, ni vizuri kuanza na nyumba yenyewe. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 baada ya kutoka Ujiji, na ambamo Livingstone alisubiri wapagazi hadi Agosti mwaka huo alipoondoka kwa safari yake ya mwisho. Nyumba iliyopo leo ilijengwa upya mwaka 1957 na hutumika kama makumbusho.

Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo yenye paa la bapa: magogo, fito, kisha udongo ulioshindiliwa juu yake. Ni nyumba nzuri kwa joto la Unyamwezi na vifaa vyake hupatikana jirani. Ila ina maadui wawili, maji na mchwa. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Paa lisilozibwa nyufa kabla ya Novemba huingiza maji, maji hulainisha ukuta, mchwa hula magogo, na ikifika Aprili kazi iliyokuwa ya vibarua wawili na mkokoteni wa udongo imekuwa kazi ya mkandarasi.

Wenzetu wa uhasibu huita hii tofauti kati ya matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Kuziba ufa ni matumizi ya kawaida: kiasi kidogo, kila mwaka, kwa wakati wake. Kujenga upya ukuta ulioanguka ni matumizi ya maendeleo: kiasi kikubwa, mara moja, kwa zabuni. Mfumo wetu wa fedha za miji ni mzuri zaidi kwa hilo la pili. Ndiyo maana majengo mengi ya zamani hupata fedha baada ya kuanguka, si kabla.

Mifuko minne, hakuna wa kutunza

Halmashauri ya Manispaa ya Tabora ina vyanzo vinne vikuu vya fedha. Tuvitazame kimoja kimoja.

Cha kwanza ni mapato yake yenyewe: leseni za biashara, ada za masoko na stendi, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni. Msomaji atauliza, na tumbaku je? Mkoa wa Tabora unajulikana kwa zao hilo. Lakini tumbaku hulimwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, na ushuru wa mazao huingia katika halmashauri ambako zao limelimwa. Aidha, mwaka 2017 ushuru huo kwa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Manispaa hupata mzunguko wa fedha za wakulima madukani, si ushuru wa zao lenyewe. Na katika mapato yake ya ndani, sheria inataka asilimia 10 itengwe kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Yanayobaki yana wadai wengi: takataka, posho za vikao, madawati, zahanati. Ufa wa nyumba ya kale uko mwisho wa foleni.

Cha pili ni kodi ya majengo. Katika miji mingi duniani hii ndiyo kodi ya kutunza mji, kwa sababu mtaa ukitunzwa nyumba hupanda thamani, nyumba ikipanda thamani kodi huongezeka, na kodi hiyo hurudi mtaani. Kwetu mnyororo huo umekatika. Tangu mwaka 2016 kodi hii imebadilishiwa mkusanyaji zaidi ya mara moja kati ya halmashauri na Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU. Julai 2023 kiwango kilipandishwa kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani shilingi 1,500 kwa mwezi. Njia ya LUKU ni rahisi na haina foleni, lakini kiwango ni kimoja. Nyumba iliyokarabatiwa barabara kuu na nyumba iliyoachwa ianguke nyuma yake hulipa sawa, na fedha huanzia Hazina, si manispaa.

Tufanye hesabu ndogo. Nyumba 10,000 zikilipa zote shilingi 18,000, jumla ni shilingi milioni 180 kwa mwaka. Si fedha ya kujenga mji, lakini kwa kuziba mapaa, kusafisha mifereji na kulipa fundi mmoja au wawili wa kudumu ni fedha ya maana, kama ingejulikana mapema kwamba itarudi na lini.

Cha tatu ni ruzuku ya Serikali Kuu, ambayo kwa sehemu kubwa hulipa mishahara na miradi ya shule na afya iliyokwisha kupangwa.

Cha nne ni miradi ya mikopo. Hapa ndipo fedha nyingi zilipo. Tabora ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyoingia katika programu ya kuimarisha serikali za mitaa mijini, ULGSP, iliyopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 255 na kutekelezwa hadi mwaka 2020. Kigoma-Ujiji na Dodoma walikuwa katika mradi mwingine wa miji mikakati. Mwaka 2022 benki hiyo iliidhinisha dola milioni 410 kwa mradi wa TACTIC unaogusa miji 45, Tabora ikiwemo. Fedha hizi hujenga barabara, mifereji, stendi na masoko, na hakuna mfanyabiashara atakayezilalamikia. Hata hivyo mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufungwa. Hauajiri mlinzi wa Kwihara, wala hautaulizwa mwaka wa kumi kama paa limezibwa.

Kiti kisicho na mtu

Fedha zikipatikana, nani atazitumia? Ukarabati wa mji wa zamani unahitaji angalau watu watano: afisa mipango miji, mpima, mthamini, msanifu majengo anayejua udongo, chokaa na mbao za zamani, na mhifadhi wa mambo ya kale. Watatu wa kwanza huwa katika muundo wa halmashauri. Wawili wa mwisho ni adimu. Mambo ya kale yako chini ya wizara inayohusika na maliasili na utalii, si chini ya manispaa. Kwa hiyo anayetoa kibali cha ujenzi na anayejua thamani ya jengo hawakai ofisi moja, na mara nyingi hawakai mji mmoja.

Hata nafasi zilizomo katika muundo hazijazwi kwa uamuzi wa Tabora. Halmashauri huomba kibali cha ajira, kibali hutoka Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi, na usaili huendeshwa na Sekretarieti ya Ajira. Kusudi lake ni jema, kuzuia upendeleo. Lakini mtumishi akistaafu au akihamishwa, kiti kinaweza kukaa wazi kwa muda mrefu. Mwaka 2016 ajira mpya zilisimamishwa ili kuhakiki watumishi hewa, na Aprili 2017 orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais. Zoezi hilo lilisafisha daftari la mishahara, na pia liliacha mapengo ambayo halmashauri hazikuweza kuyajaza kwa uamuzi wao.

Wakopeshaji walilijua tatizo hili. Katika ULGSP, kuwapo kwa watumishi wa msingi wa miji kulikuwa miongoni mwa vigezo vilivyofungua fedha. Manispaa ikabebeshwa kigezo ambacho ufunguo wake uko ofisi nyingine.

Ajabu yenyewe ni kwamba Tabora ni mji wa vyuo. Una Chuo cha Ardhi kinachofundisha upimaji na usimamizi wa ardhi, chuo cha reli, chuo cha ufugaji nyuki, na tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Misitu ya miombo inayouzunguka hutoa mninga, mbao ya milango bora. Mkoa una ujuzi na una malighafi. Hauna ofisi inayoviunganisha na ukuta unaobomoka.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga ya kabla ya mwaka 1940 nayo inalindwa. Lakini jengo la Mjerumani, stesheni au duka la miaka ya 1920 halilindwi mpaka waziri alitangaze. Sehemu kubwa ya mji wa zamani wa Tabora iko katika kundi hilo. Mlango unaweza kuwa na sheria, nyumba yake ikawa haina.

Je, wakala maalumu ndiyo dawa?

Wengi husema Tabora ipewe mamlaka yake ya mji wa zamani. Mifano miwili ya nyumbani inatufundisha kuwa na tahadhari.

Wa kwanza ni Zanzibar. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985 na kupewa sheria kamili mwaka 1994. Mpango wa hifadhi uliandaliwa kwa msaada wa shirika la Aga Khan la utamaduni, nyumba kadhaa za serikali zikauzwa kwa watu binafsi ili zikarabatiwe, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo ni mafanikio makubwa ambayo Tabora haijayakaribia. Lakini mamlaka hiyo ina majengo zaidi ya 1,700 ya kuangalia, na ujumbe wa UNESCO uliofika kwa nyakati mbalimbali umetaja upungufu wa fedha na wataalamu. Wawekezaji wakubwa huja na wanasheria na wasanifu wao. Ofisi yenye wakaguzi wachache haiwezi kubishana nao kila asubuhi. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na mafundi wawili wakafariki. Fedha za ukarabati zilikuwa zimepatikana. Zilikuta jengo limekwisha choka kwa miaka mingi.

Wa pili ni Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilianzishwa mwaka 1973 kujenga mji mkuu mpya. Ilipanga, ikagawa viwanja na ikatoa hati, huku manispaa ikiwa na madiwani waliochaguliwa katika mji huohuo. Mwananchi akawa na mabwana wawili. Migogoro ya viwanja ikazidi, na Mei 15, 2017 Rais John Magufuli aliivunja na kukabidhi kazi zake kwa manispaa. Wakala uliokuwa na mamlaka makubwa haukudumu, kwa sababu uligongana na chombo kilichopaswa kuwa mshirika wake.

Kwa hiyo kibao kipya mlangoni si dawa. Zanzibar ilipata sheria bila fedha za kutosha. Dodoma ilipata mamlaka bila maelewano na halmashauri. Tabora ikiomba wakala leo bila kutatua hayo mawili, itapata ofisi, gari na mkurugenzi, na paa la Kwihara litaendelea kuvuja.

Kinachowezekana

Njia ya bei nafuu zaidi ni kitengo kidogo ndani ya manispaa, chenye mambo matatu. Kwanza, fungu lake katika bajeti ya matumizi ya kawaida, linalotolewa kila Agosti au Septemba, kabla ya mvua. Pili, angalau msanifu mmoja na fundi mmoja wa ujenzi wa asili, kwa mkataba ikiwa kibali cha kudumu kimechelewa, na wanafunzi wa Chuo cha Ardhi wakapewa mazoezi ya kupima na kuorodhesha majengo. Tatu, makubaliano ya maandishi na idara ya mambo ya kale, ili kibali cha kubomoa kisitoke bila mhifadhi kuona jengo.

Zaidi ya hapo, biashara yenyewe ni mtunzaji. Hoteli ya zamani ya reli mjini Tabora imebaki hai kwa sababu ina wageni wanaolipa. Jengo lenye mpangaji huzibwa paa. Jengo la urithi wa warithi kumi na wawili wasioelewana hungoja mvua. Njia ya misafara imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Orodha hiyo haileti shilingi hata moja, lakini mtalii anayeteremka kutoka reli mpya atalipa kuona kitu kilichosimama, hatalipa kuona kifusi.

Kwa msomaji mwenye mtaji, haya ndiyo ya kuangalia kabla ya kununua katikati ya Tabora au Ujiji. Je, bajeti ya manispaa ya mwaka huu ina fungu la matengenezo ya majengo ya zamani, au ina miradi tu? Nafasi ya afisa mipango miji imejazwa, au ina kaimu? Jengo unalolitaka limetangazwa kuwa la hifadhi, na hati yake ni ya mtu mmoja au ya ukoo? Stesheni mpya itakuwa upande gani?

Majibu yakiwa mazuri, nyumba ya zamani ni mali yenye bei ya chini kuliko thamani yake. Majibu yakiwa mabaya, ngoja. Ila usingoje sana, maana Novemba haina subira.